Waliposoma Ugonjwa Wangu kwa Sauti

Kwa miaka mingi nilitokwa na damu nyingi kuliko mwanamke anavyopaswa kutokwa. Nilijifunza kuvaa sketi nyeusi, kukaa kwenye ukingo wa kiti, na kuinuka polepole huku nikitazama nyuma kama mtu aliyeangusha kitu. Sweta niliifunga kiunoni hata jua likiwaka. Wenzangu kazini walidhani ni mtindo.

Nilikuwa mpakiaji katika kiwanda cha biskuti huko Industrial Area, Nairobi, na nilipanga chumba Tassia, ghorofa ya juu kabisa, ambako maji hayapandi ila yabebwe kwa mtungi. Sikuwa nimeolewa na sikuwa na mtoto. Mwanamke wa umri wangu akiwa hivyo, hasa kwetu magharibi, huulizwa maswali hata na watu asiowajua. Nilikuwa nimezoea kujibu kwa kicheko.

Nilipozidiwa nilikwenda hospitali ya serikali, wakanipima wakaniambia kizazi kimejaa uvimbe, na umekaa vibaya. Daktari aliyenihudumia alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Alivuta kiti akaja upande wangu wa meza.

"Dada, kama tungeweza kutoa uvimbe tukaacha kizazi, tungekiacha," alisema. "Lakini ukiendelea hivi, damu itakuua."

Nikatia sahihi, wakakitoa.

Dada yangu mkubwa, anayeuza mboga Mathare, alinichukua nyumbani kwake nikapone. Nililala kitandani kwake, yeye na wanawe wakalala chini. Alinipikia uji wa wimbi, akanishika mkono nilipokwenda chooni, na siku za kwanza aliniosha kama anavyooshwa mtoto. Nililia sana katika chumba kile, naye aliniacha nilie. Siku moja, akiwa anakata sukuma wiki, alisema bila kuinua kichwa, "Hii habari ni yako. Mimi simwambii mtu, hata mama. Ukitaka isemwe, utaisema wewe."

Kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka kumwambia. Alikuwa akifanya kazi kwenye yadi ya mbao, mtaa mmoja na kiwanda chetu, na tulikuwa tukiimba pamoja kwaya, yeye besi, mimi alto. Alikuwa ameanza kuzungumza juu ya kunipeleka kwao. Alikuja kuniona hospitalini akiwa na machungwa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, asijue aweke wapi mikono yake. Nilimwambia nimetolewa uvimbe, na huo ulikuwa ukweli. Ule mwingine niliuweka mpaka nipate nguvu za kusimama nikimtazama usoni. Mtu anayetaka mke anatarajia watoto, na nilijua lazima ajue kabla hajatuma wazee. Nilitaka tu kuyachagua maneno mwenyewe.

Siku ya kurudi kazini nilifika mapema, nikaenda moja kwa moja ofisi ya wafanyakazi. Ofisi hiyo ilikuwa chumba kimoja kando ya lango, na mlango wake haukufungwa kamwe kwa sababu ya joto. Afisa aliyekaa humo alikuwa mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Siku ile alikuwa na makarani wawili, mmoja akila mandazi, na nje ya mlango kulikuwa na foleni ya vibarua waliokuja kuuliza mambo ya kandarasi.

Nilimpa barua ya hospitali. Ilisema nililazwa, nikafanyiwa operesheni, nikapumzishwa, na kwamba nisinyanyue mizigo kwa muda. Chini kulikuwa na muhuri na sahihi.

Aliisoma, akaigeuza kutazama nyuma, akaigeuza tena.

"Operesheni ya nini?"

"Ya tumbo," nikasema.

"Tumbo ni kubwa, mama. Tumbo gani? Vidonda? Apendiksi? Hapa tunataka jina la ugonjwa."

"Daktari ameandika nisichoweza kufanya. Si hiyo ndiyo mnahitaji?"

Alitabasamu, akawatazama makarani wake kama mwalimu aliyeulizwa swali la kitoto. "Madam, mnatusumbua sana na hizi barua. Mtu anaenda kuzika nyanya yake, anarudi na muhuri wa kliniki. Bila ugonjwa, hii ni karatasi tu. Nitaandika ulitoroka kazi."

Yule wa mandazi alicheka. Mafuta yaling'aa mdomoni mwake. Nilijua nikibishana nitarudi nyumbani bila kazi, nami nilikuwa sina kwingine. Nikachukua barua yangu, nikarudi hospitalini siku iyo hiyo, mshono ukinivuta kila gari liliporuka tuta.

Nilisubiri mpaka nikampata yule daktari. Nilipomweleza alikasirika, si kwangu.

"Wao wanahitaji kujua ulikuwa mgonjwa na kwamba usibebe mizigo. Nimewaambia. Kilichobaki ni chako."

"Watanifuta, daktari."

"Unataka niandike?"

Sikutaka, na nikamwambia aandike. Alishika kalamu muda mrefu kabla ya kuandika. Aliandika kwa Kiingereza cha hospitali, neno refu la kidaktari, akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha na kuibandika. Juu yake akaandika neno la kuonyesha kwamba ni siri. "Mpe yeye mwenyewe," alisema. "Na umwambie ni siri."

Nilimpa mwenyewe asubuhi iliyofuata. Nikamwambia ni siri. Akachana bahasha kwa kidole, akaisoma barua kwa sauti.

Naikumbuka sauti yake. Hakusoma kwa ubaya, alisoma kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Alipofika kwenye lile neno refu alikwama, akalirudia kwa vipande vipande, kisha akamgeukia yule karani wa mandazi. "Hebu tafuta hii ni nini." Yule kijana akaifuta mikono kwenye suruali, akaandika kwenye simu. Nilisimama pale. Nilikuwa naweza kumnyang'anya barua, nilikuwa naweza kupiga kelele, lakini nilisimama kama mtu anayesubiri chenji dukani.

"Ni kutoa kizazi," karani alisema.

"Ala!" Afisa aliniangalia, na macho yake yakashuka mpaka tumboni mwangu, yakakaa hapo. "Yaani wamekutoa kizazi chote? Na huna mtoto, sivyo? Pole sana. Pole, mama. Mungu ana mipango yake."

Nyuma yangu, kwenye foleni, mazungumzo yalikuwa yamekatika. Sikugeuka, lakini nilihisi kule kunyamaza kwenye ngozi ya shingo.

Kisha akatoa simu yake, akailaza barua mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaipiga picha. Nilimuuliza anafanya nini.

"Naituma kwa kikundi cha masupavaiza, wajue usipewe kazi nzito. Si ndivyo daktari amesema? Tunakusaidia."

Nilikwenda kuvaa aproni na kofia. Harufu ya kiwanda kile ni ya sukari inayoungua kidogo, siagi na vanila, na watu wanaopita nje husema ni harufu nzuri. Siku ile ilinijaa kooni kama kitambaa. Kabla ya chakula cha mchana niliona habari ikitembea kwenye mkanda unaosafirisha biskuti kama ninavyokuona wewe. Mtu anainama kwa mwenzake, mwenzake ananitazama, kisha wote wawili wanatazama biskuti.

Mama mmoja wa kupakia maboksi alikuja akanikumbatia kwa nguvu mpaka mshono ukauma. "Usijali, utachukua mtoto wa ndugu yako," alisema, na wenzetu wote wakisikia. Sikuwa nimemwambia kwamba najali. Kulikuwa na msichana mwingine, mjamzito wa miezi ya mwisho, ambaye tulikuwa tukikaa benchi moja wakati wa chakula, nikimwachia parachichi langu kwa sababu alikuwa na hamu nalo. Mchana ule alichukua sahani yake akahamia meza ya pili. Alisema huku kuna baridi. Tulikuwa karibu na tanuri.

Nilidhani hilo ndilo lingekuwa baya kuliko yote. Lakini mambo yalikuwa bado.

Supavaiza wa sehemu yetu alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mke na watoto Umoja, na kabla ya hapo hakuwahi kunisemesha zaidi ya "fanya haraka". Wiki mbili baadaye alinituma stoo kuhesabu nailoni za kufungia, kazi nyepesi. Nilikuwa kati ya marobota nilipomsikia nyuma yangu. Alisimama karibu kiasi kwamba nilinusa chai aliyokunywa.

"Naona umepona," alisema. "Umeanza kunona hata."

Niliendelea kuhesabu.

"Unajua, wanawake wengine wangekuonea wivu." Alishusha sauti kama anayenipa siri nzuri. "Wewe sasa uko huru. Mtu na wewe hana cha kuogopa. Hakuna kuitwa baba baada ya miezi tisa."

Akacheka, akanigusa kiunoni, pale pale juu ya kidonda.

Nilimsukuma kwa boksi nililokuwa nimeshika, nikatoka mbio mpaka chooni, nikatapika. Nilitapika uji, nikatapika maji, nikatapika mpaka nikashikilia ukuta nisianguke, na mshono wote ukiwaka moto. Hata leo nikiandika haya nasikia mate yakinijaa. Si kwa sababu alinigusa tu. Wanaume wa namna hiyo tunawajua, kila mwanamke aliyefanya kazi kiwandani ana wake. Kilichonitia kinyaa ni kwamba mkono wake ulikuwa umeonyeshwa njia. Mahali alipopajua kwenye mwili wangu alipajua kwa sababu ofisi ilimtumia picha.

Jumapili ile, baada ya ibada, nilimwomba yule wa yadi ya mbao tutembee kidogo. Nilikuwa nimeamua kwamba kama wageni wanajua, yeye asikose kujua. Tulikwenda mpaka kando ya uwanja ambako vijana walikuwa wakicheza mpira kwenye vumbi. Nilikuwa nimeyarudia maneno yangu usiku kucha. Niliyasema yote, mpaka mwisho, bila kulia. Nikamwambia sitazaa. Nikamwambia akitaka kuondoka sitamlaumu.

Alikuwa akitazama mpira. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yote. Nilijua wiki ile ile uliporudi kazini. Vijana wenu wa kupakia magari huja kwetu kula. Walikuwa wanaongea."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utaniambia mwenyewe." Alinigeukia sasa, na kwa kweli alikuwa na furaha usoni, kama mtu aliyemtahini mwingine akafaulu. "Na umeniambia. Kwa hivyo mimi sina neno na wewe. Watoto ni mapenzi ya Mungu. Tutaendelea."

Labda mwanamke mwingine angemshukuru. Mimi nilikumbuka wiki hizo. Nilikumbuka tulivyofanya mazoezi ya kwaya, akinifundisha sauti ya wimbo mpya, akinisindikiza hadi stejini kupanda matatu, akinitazama. Nilidhani ananitazama kwa mapenzi. Kumbe alikuwa ananipima. Alikuwa ameketi juu ya jambo langu kama kuku juu ya yai, akingoja nipasuke.

"Uliwaambia nini hao vijana?" nikamuuliza.

"Nini tena?"

"Walipokuwa wanaongea juu yangu, wewe ulisema nini?"

Mpira ulitoka uwanjani ukaja karibu na miguu yetu, akaurudisha kwa teke. "Ningesema nini? Ni watu wa kupayuka tu."

"Ungesema hayo si yao."

"Sasa unanigeuzia mimi? Mimi ambaye nimekukubali hivyo ulivyo?"

Neno hilo, kunikubali, lilinimaliza. Nikamwambia asante, nikamwambia asinisindikize. Alinipigia simu mara kadhaa, na mara ya mwisho tulizungumza kwa upole, lakini sikurudi kwake, wala kwenye kwaya. Dada yangu alisema nimepoteza mtu mzuri. Inawezekana. Sikuwa na nafasi tena ndani yangu ya kukubaliwa na mtu.

Kazini niliendelea kwenda. Nilikuwa nimeanza kuogopa stoo, nikikataa kutumwa huko, na supavaiza akaanza kuandika kwamba mimi ni mkaidi. Ndipo nilipomwendea mwakilishi wetu wa wafanyakazi, mama mmoja wa sehemu ya tanuri ambaye sote tulimwita mathe. Alikuwa amefanya kazi pale tangu mashine za zamani. Nilimweleza yote, la barua na la stoo. Alisikiliza huku akijikuna mkono uliojaa alama za kuungua.

"Barua iko kwenye simu zao mpaka leo?" aliuliza.

"Iko."

"Twende."

"Sasa hivi?"

"Unataka tungoje wakupige picha nyingine?"

Tulikwenda tukiwa na aproni zetu. Tulipoingia, mathe alifunga mlango ule usiofungwa. Nilishtuka kuona kwamba unafungika vizuri, hata kufuli lilikuwepo.

Afisa alishangaa kwa dhati. Hilo lazima niseme. Alituonyesha viti. Alisema alikuwa akinisaidia, kwamba kampuni ina haki ya kujua, kwamba hakuna mtu aliyenicheka.

"Mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa," mathe alimwambia. "Kuna sheria siku hizi juu ya habari za watu, na wewe ndiye umesoma, unaijua. Ulipeleka tumbo la huyu msichana kwa wanaume wa zamu zote. Mmoja wao ameenda kulishika. Sasa utuambie, tunalimaliza hapa ama tunalipeleka mbele?"

Alipopauka ndipo nilipojua anaijua sheria. Alisema hakujua la supavaiza. Alifuta picha mbele yetu, akaandika kwenye kikundi kwamba wote wafute. Simu ikaanza kulia, mmoja baada ya mwingine wakijibu sawa, sawa, sawa, na mmoja akaweka kidole gumba. Nikaomba barua yangu.

"Hiyo iko kwenye faili. Faili ni ya kampuni."

"Basi weka ile ya kwanza," nikasema. "Ile uliyosema ni karatasi tu."

Nilikuwa nayo mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo. Alisita, akamtazama mathe, akatoa ile ya pili akanipa. Kisha akaniambia, "Samahani kama ulijisikia vibaya." Kama nilijisikia. Nilimtazama yule mtu nadhifu na nikaona hajui, na hatajua. Kwake lilikuwa tatizo la hisia zangu, kama pua inayonusa samaki mahali ambapo hakuna samaki.

Supavaiza alihamishwa zamu, hakufukuzwa. Walisema ni neno langu na lake. Tangazo lilibandikwa kwamba barua za hospitali ziletwe kwenye bahasha iliyofungwa, na afisa yule yule ndiye aliyeendelea kuzifungua. Kijana mmoja wa ghala, aliyekuwa na bawasiri, alitaniwa kwa jina hilo mpaka akaacha kuja. Mwingine nilimwona akifanya kazi huku akitetemeka kwa homa, na nilipomuuliza kwa nini asiende hospitali alisema, "Heri niumwe." Kandarasi yangu ilipokwisha sikuomba nyingine.

Sasa napika katika shule moja ya msingi Embakasi, si mbali na Tassia. Mwaka jana nilishikwa na malaria, nikapeleka barua iliyosema tu kwamba sifai kufanya kazi kwa siku hizo. Mwalimu mkuu aliipokea, akaniuliza kama naweza kusimama au nitafutiwe kiti jikoni. Niliendelea kusimama mbele ya meza yake, nikingoja. "Kuna kingine?" aliuliza. Nikasema hakuna, nikatoka, na kwenye korido nikagundua nilikuwa nimekunja ngumi.

Nina mwenzangu jikoni, mwanamke mcheshi aliyetoka upande wa kwetu. Mwezi uliopita tulikuwa tukichambua maharagwe, watoto wako darasani, jiko limetulia, akaniuliza kama nina watoto. Nilikuwa naweza kucheka kama zamani. Badala yake nilimwambia nilivyougua, nikamwambia kilichotolewa, nikamwambia kwa maneno ya kwetu, si lile refu la Kiingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mtu ambaye hakuwa amelisikia tayari.

"Woi, pole," alisema. Akaokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akalitupa nje dirishani. "Iliuma?"

"Iliuma sana," nikamwambia, na nikaanza kumsimulia.